Mcheza Kwao Hutunzwa: Podkasti za Wanawake Weusi wa Marekani na Mchango wa Msikilizaji

Wahenga wetu walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hufundishwa shuleni tangu madarasa ya chini, na kwa kawaida mwanafunzi huelezwa kuwa maana yake ni kwamba mtu afanyaye jambo jema mbele ya watu wake hupata sifa na zawadi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Ndani ya methali hiyo mna swali ambalo mara nyingi hatuliulizi: kwao ni wapi? Je, ni pale mtu alipozaliwa, ama ni pale alipopewa uwanja wa kuchezea, ama ni pale penye watu walio tayari kutia mkono mfukoni ili ngoma isinyamaze? Katika insha hii tunakusudia kulijibu swali hilo kwa kutazama sanaa mpya ya ugenini, yaani podkasti za wanawake weusi wa Marekani wanaozungumza juu ya utamaduni na ukombozi wao, na hasa desturi ya baadhi ya vipindi hivyo kuendeshwa kwa michango ya wasikilizaji. Maoni yetu ni kwamba desturi hiyo si ombaomba, wala si biashara ya kawaida. Ni aina ya utunzaji, na thamani yake pamoja na kasoro zake hazionekani vizuri mpaka zipimwe kwa neno hilo.

Yafaa kwanza tukieleze kitu chenyewe. Podkasti ni kipindi cha sauti ambacho hakirushwi hewani kwa saa maalumu kama kipindi cha redio, bali huwekwa katika intaneti, na msikilizaji hukichukua kwa simu au kompyuta yake akakisikiliza wakati apendao. Jina hilo lilionekana kwanza katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwaka 2004. Kwa kuwa kipindi cha namna hiyo hakihitaji mnara wala kibali cha masafa, watu ambao milango ya vituo vikubwa ilikuwa imefungwa mbele yao walipata upenyo. Miongoni mwao walikuwamo wanawake weusi. Hao hukaa wawili au watatu wakazungumza juu ya filamu, muziki, vitabu, siasa, nywele, malezi, mapenzi na kazi, kwa lugha ile ile wanayosemezana nyumbani, pasipo kusimama kila mara ili kumfasiria mgeni. Hilo la kutomfasiria mgeni ndilo sifa kubwa ya sanaa yao. Msikilizaji wa ndani hujiona amekaribishwa, na msikilizaji wa nje hulazimika kujifunza kusikiliza.

Mazungumzo hayo yana nasaba yake. Mwaka 1974 wanawake weusi wa mji wa Boston waliunda kikundi walichokiita Combahee River Collective, kwa kumbukumbu ya mto wa South Carolina ambako mwaka 1863 Harriet Tubman aliongoza askari katika safari ya usiku, wakakomboa watumwa zaidi ya 700. Mwaka 1977 kikundi hicho kilitoa tamko lililoeleza kwamba dhuluma ya rangi, dhuluma ya jinsia na dhuluma ya tabaka humfika mwanamke mweusi kwa pamoja, na kwamba ukombozi wake ungelazimu kuvunjwa kwa mifumo yote ya uonevu, hata kila mtu awe huru. Mwaka 1983 mwandishi Alice Walker alieneza jina jipya la mtetezi wa aina hiyo, akalichota katika maneno ambayo mama weusi huwaambia binti zao. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw akaipa jina la kitaalamu njia panda hiyo ambapo dhuluma mbalimbali hukutana juu ya mtu mmoja. Podkasti tunazozizungumzia ni watoto wa fikra hizo. Zimezitoa katika vyumba vya wasomi, zikazipeleka jikoni, saluni na katika basi la kwendea kazini.

Lakini sauti haijilishi yenyewe. Vipaza sauti hununuliwa, mhariri hulipwa, na msemaji naye ana kodi ya nyumba na watoto. Mkono mtupu haulambwi. Basi swali la nani anayelipa haliwezi kutenganishwa na swali la nini kinachosemwa. Katika historia ya wanawake weusi wa Marekani tunaona njia mbili zilizokwisha kujaribiwa zamani kabla intaneti haijafikiriwa, na inafaa tuzilinganishe.

Njia ya kwanza ni ya mfadhili mmoja. Zora Neale Hurston alikuwa mwandishi na mkusanyaji hodari wa hadithi, nyimbo na mila za watu weusi wa kusini. Desemba 1927 alitia sahihi mkataba na Charlotte Osgood Mason, mjane tajiri wa Kizungu wa New York. Kwa mkataba huo Hurston alilipwa dola 200 kila mwezi ili aende akakusanye mila hizo. Zilikuwa fedha nyingi kwa mwandishi wa siku zile. Lakini mkataba ulisema pia kwamba vitu vyote vitakavyokusanywa vitakuwa mali ya Mason, na Hurston hakuwa na ruhusa ya kuvitangaza pasipo idhini yake. Hivyo binti aliyekwenda kuchota katika kisima cha wazee wake alirudi na maji ya mtu mwingine. Hurston alifariki mwaka 1960 akiwa maskini, na kaburi lake lilikaa bila jiwe lenye jina mpaka mwaka 1973, Alice Walker alipokwenda kuliweka.

Njia ya pili ni ya wenziwe. Ida B. Wells, aliyezaliwa utumwani mwaka 1862, alikuwa mhariri na mmiliki mwenza wa gazeti la Free Speech mjini Memphis. Mwaka 1892, baada ya wanaume weusi watatu kuuawa na genge la Wazungu katika mji huo, aliandika kwa ujasiri juu ya mauaji ya namna hiyo na uongo uliotumiwa kuyahalalisha. Mwezi Mei, yeye akiwa safarini, ofisi ya gazeti ilivunjwa, naye akatishiwa kuuawa endapo angerudi. Oktoba mwaka huo huo wanawake weusi wa New York na Brooklyn walikusanyika katika ukumbi wa Lyric Hall kumheshimu. Walichanga dola zipatazo 500, wakampa na bizimu ya dhahabu yenye umbo la kalamu. Fedha hizo zilisaidia kuchapa kijitabu chake cha Southern Horrors, yaani vitisho vya kusini. Wachangaji wale hawakudai kuwa wamiliki wa kijitabu, wala hawakutaka kukisoma kwanza ili wakipitishe. Walitaka kitoke.

Tukiiweka mifano hiyo miwili bega kwa bega, tofauti iliyo muhimu haihusu wingi wa fedha. Mason alitoa kila mwezi, na wanawake wa Lyric Hall walitoa usiku mmoja. Tofauti ni kwamba mfadhili mmoja aweza kugeuka bwana kwa siku moja, bali wengi wadogo ni vigumu kugeuka bwana, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao ambaye akiondoka sauti itakufa.

Wazo hilo lilipata majaribio makubwa katika redio. Aprili 1949 Lewis Hill na wenzake walifungua kituo cha KPFA katika mji wa Berkeley, California, ambacho hakikutegemea matangazo ya biashara wala serikali, bali ada ya hiari ya wasikilizaji. Mtu aliweza kusikiliza bure, na bado aliombwa alipe. Hill alihesabu kwamba kiasi cha asilimia 2 tu ya wasikilizaji wakilipa, kituo kitasimama. Hesabu haikukubali mara moja, maana mwaka 1950 fedha ziliisha na kituo kikanyamaza kwa muda wa miezi tisa hivi. Kikarudi mwaka 1951, kwa sababu wasikilizaji hawakukubali kife. Haba na haba hujaza kibaba, lakini methali hiyo haisemi kibaba hujaa kwa siku ngapi.

Wanawake weusi nao walilitumia wazo hilo katika vitabu. Mwaka 1980 Barbara Smith, kwa ushauri wa mshairi Audre Lorde na pamoja na wenzao, alianzisha shirika la uchapaji lililoitwa Kitchen Table, maana yake meza ya jikoni. Walichagua jina hilo kwa kuwa jikoni ndiko wanawake wanakofanyia kazi na kusemezana. Mwaka 1983 shirika hilo lilikitoa upya kitabu cha This Bridge Called My Back, mkusanyo wa maandishi ya wanawake wasio Wazungu, ambacho kingepotea kwa kuwa mchapaji wake wa kwanza alikuwa amefunga kazi. Mfano huu unatufundisha kwamba sanaa isiyo na nyumba yake hufa hata kama ina wapenzi wengi.

Sasa turudi kwenye podkasti. Mwaka 2015 kampuni ya habari ya BuzzFeed ilianza kutoa kipindi cha Another Round, kikiongozwa na wanawake weusi wawili, Heben Nigatu na Tracy Clayton. Kilikuwa kipindi chenye mzaha mwingi na maswali mazito. Mwaka huo huo walimhoji Hillary Clinton alipokuwa akigombea urais, wakamuuliza waziwazi juu ya madhara ambayo sera za watawala zimewaletea watu weusi. Walikuwa na desturi ya kuwakumbusha wasikilizaji kunywa maji, kumeza dawa zao, na kumpigia simu mtu wao wa karibu. Twaona hapo jambo zuri sana: wasemaji waliwatunza wasikilizaji kabla hawajaomba kutunzwa. Kipindi kilipendwa na kusifiwa. Hata hivyo mwaka 2017 kampuni iliacha kukitengeneza, na hakikupata tena mwendo wake wa awali. Kipindi kingine cha utamaduni wa watu weusi, The Nod, kilihamishwa mwaka 2020 kutoka kwenye sauti kwenda kwenye picha katika kampuni ya Quibi, nayo Quibi ikatangaza kufungwa mwaka huo huo, miezi sita tu hivi baada ya kufunguliwa. Wasikilizaji hawakuwa wamechoka katika habari hizo mbili. Wenye uwanja ndio waliofunga uwanja. Mchezaji alikuwa na watazamaji wengi, lakini hakuwa kwao.

Ndipo tunapoelewa kwa nini wengine walishika njia ya mchango. Mfano mmoja ni kipindi cha Tea with Queen and J., ambamo wanawake weusi wawili wa New York hunywa chai na kuzungumza juu ya siasa, ukombozi na sanaa za watu, wakitumia jina lile lile la utetezi alilolieneza Walker. Kipindi hicho kiliwaomba wasikilizaji wake wakichangie wenyewe. Wapo wengi wa namna hiyo, na wengi wao hupitia katika kampuni ya Patreon, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2013. Kampuni hukusanya kutoka kwa kila msikilizaji dola moja, tano au kumi kwa mwezi, hujitolea fungu lake, na kinachobaki humpa msanii.

Faida ya njia hiyo husikika katika sanaa yenyewe. Msemaji asiyemwogopa mtangazaji wa sabuni aweza kuisema sabuni. Aweza kukishambulia chombo kikubwa cha habari bila kuhofia kwamba mkataba utakatwa. Aweza kuchukua saa nzima kujadili wimbo mmoja au kifo cha kijana mmoja, kwa kuwa hakuna tangazo linalomkimbiza. Aidha, husema kwa sauti ya mtu anayejua anasemezana na nani. Hata anapokosea, kosa lake huwa lake.

Hata hivyo mhakiki asiyetaja kasoro ni mpambe, nasi hatupendi kuwa wapambe. Kasoro ya kwanza ni dalali. Desemba 2017 Patreon ilitangaza kwamba kila mchangaji ataongezewa gharama ya asilimia 2.9 na senti 35 kwa kila mchango. Kwa mtu wa dola 100 ongezeko hilo ni dogo. Kwa mtu wa dola 1 maana yake ni kulipa dola 1 na senti 38 hivi, zaidi ya theluthi moja juu. Basi mzigo ulimwangukia yule mwenye kidogo, ambaye ndiye nguzo ya vipindi vya wanyonge. Makelele yalikuwa makubwa, na kampuni ikaufuta mpango huo kabla ya wiki kwisha. Lakini funzo lilibaki: uwanja wa mchango nao una mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuchaguliwa na wachezaji wala na watazamaji.

Kasoro ya pili ni msikilizaji anayejifanya bwana. Tumesema kwamba wengi wadogo ni vigumu kugeuka bwana, lakini si muhali. Msanii akianza kuhesabu nani ataondoka endapo atasema hivi au vile, amekwisha kupata mhariri mpya mwenye vichwa elfu. Tena vipindi vingi huweka mazungumzo ya ziada kwa ajili ya waliolipa tu. Hapo binti asiye na dola moja, ambaye huenda ndiye aliyekihitaji kipindi hicho kupita wote, hubaki nje ya ua. Ufeministi unaomwacha maskini mlangoni umejipinga wenyewe, na wanawake wa mwaka 1977 wangeukataa.

Kasoro ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Wanaochanga mara nyingi ni watu wa hali ile ile ya anayechangiwa. Lugha, mzaha na mitindo ya wanawake weusi huchukuliwa na dunia nzima, hutiwa katika matangazo ya biashara na nyimbo za wengine, nayo huchukuliwa bure. Kisha gharama ya kuviweka hai vyanzo vya vitu hivyo huwaangukia walinzi wa zamu za usiku, wauguzi na walimu. Kusifu michango bila kuliona jambo hilo ni kumsifu mnyonge kwa kumbeba mnyonge mwenziwe, na kumsamehe aliyewapanda wote wawili mabegani.

Wapo watakaosema kwamba kuomba fedha za wasikilizaji ni aibu, na kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hatukubaliani nao. Ombaomba huomba kwa sababu ana shida, na mwenye kutoa hapati kitu ila thawabu. Msemaji wa podkasti amekwisha kufanya kazi, na msikilizaji amekwisha kula tunda lake. Kinachodaiwa ni ujira. Kazi ya mwanamke ya kufariji, kushauri, kuchekesha na kufundisha imezoeleka kupokewa kama mvua, ambayo hakuna aiulizaye bei. Anayetaja bei yake kwa sauti wazi anafanya kitendo cha uhakiki, kwa kuwa anaionyesha jamii kitu ambacho haikutaka kukiona.

Hapa lugha yetu inatusaidia. Kwetu pwani, katika tarabu, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, huenda mpaka kwa mwimbaji, na kumtunza fedha mbele ya watu. Hatoi kwa sababu sauti ni nzuri tu. Mara nyingi hutoa kwa sababu ubeti umemsemea, na kwa kutoa huwaambia waliokaa kwamba neno hilo ni lake. Kutunza huko ni namna ya kufasiri. Lakini neno hilo hilo la kutunza lina maana ya pili, nayo ni kulea na kuhifadhi, kama mtu atunzavyo mtoto au shamba. Tunzo ya tarabu huisha wimbo unapokwisha. Mchango wa kila mwezi huendelea hata katika wiki ambayo kipindi hakikuwa kizuri, hata mwimbaji anapokuwa na mafua. Kwa hiyo umeivuka maana ya kwanza ukaingia katika ya pili. Huo ndio ubora wake, na ndiyo sababu tunaona kwamba mchango bora ni ule uliotolewa ili asiyeweza kutoa naye asikie.

Kwa walimu na wanafunzi tungependa kupendekeza kwamba kipindi chochote cha redio, cha televisheni au cha simu kikiletwa darasani, maswali matatu yaulizwe pamoja na yale ya maudhui na fani. Nani anakilipia? Nani atabaki na mali yake kikisha? Na nani hawezi kukisikia kwa kukosa fedha? Maswali hayo yanafaa kwa Hurston wa mwaka 1927 kama yanavyofaa kwa kijana wa leo mwenye simu, na yanafaa kwa ngoma zetu kama yanavyofaa kwa chai ya New York.

Na mwalimu atakapoirudia methali ya wahenga, tunamwomba awaonyeshe wanafunzi wake kitenzi cha mwisho. Hutunzwa ni kitenzi cha kutendwa, na mtendaji wake hakutajwa. Methali inamtaja mchezaji, ikapataja na mahali, ikamficha mtunzaji. Wanawake wa Lyric Hall walikuwa wamefichika hapo, na yule muuguzi wa zamu ya usiku aliyetoa dola yake naye amefichika hapo. Mwanafunzi na amtafute mtunzaji huyo, kwa kuwa akishampata atakuwa amejua kwao mchezaji ni wapi.